Mistari mitano na GLIBC_2.34

Kwenye terminali umebaki mstari mmoja:

    ./habari: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found (required by ./habari)

Programu yenyewe ina mistari mitano ya C. Kazi yake ni kuandika neno "Habari" na kutoka. Imekompailiwa kwenye Ubuntu 22.04, ikanakiliwa kwa scp hadi seva ya Ubuntu 20.04, na huko ikagoma kabla ya kuandika hata herufi moja. Haitumii mtandao wala haifanyi hesabu yoyote. Inachoita ni puts peke yake, fankisheni yenye umri mkubwa kuliko Linux.

Sasa puts inataka nini cha mwaka 2021, mwaka lilipotoka toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux (hiyo libc.so.6)?

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Dawa za haraka zinajulikana na zimejaa kila kona, ingawa nyingi ni mbovu. Kinachonikera ni lile jibu la kila siku, "seva yako imezeeka, isasishe," ambalo linamtia hatiani asiyehusika. Seva haijabadilika tangu jana. Aliyebadilika ni yule aliyeijenga programu, na mara nyingi hajui kwamba amebadilika.

## Usome ujumbe hadi kwenye mabano

Maneno "not found" huwapotosha wengi. Mtu huanza kuitafuta libc.so.6 kana kwamba imepotea, ilhali njia yake imeandikwa palepale kwenye ujumbe. Faili limepatikana na limefunguliwa. Kisichopatikana ni lebo fulani ndani yake, inayoitwa GLIBC_2.34. Na aliye ndani ya mabano ndiye anayeidai.

Huyo wa kwenye mabano ndiye wa kumtazama kwanza. Akiwa programu yako, tatizo ni namna ulivyoijenga. Lakini akiwa ni maktaba nyingine, tuseme /opt/zana/lib/libpicha.so.4, basi programu yako haina neno. Kuna aliyeileta maktaba hiyo kutoka mashine mpya zaidi, na kuikompaili programu yako upya mara mia hakutasaidia kitu.

Ujumbe huu una ndugu wanaofanana nao, na kila mmoja ana dawa yake. Ukiona "cannot open shared object file", hapo faili lenyewe ndilo halipo, au lipo mahali ambapo kipakizi (programu inayopakia maktaba programu yako inapoanza) hakitazami. Ukiona "symbol lookup error ... undefined symbol", faili limefunguliwa na lebo zimekubaliwa, ila fankisheni moja haimo. Kwa kawaida hizo ni nakala mbili za maktaba yenye jina lilelile zilizojengwa kwa namna tofauti. Kwenye C++, pitisha jina la simboli (fankisheni hiyo) kwenye c++filt, zana inayolifanya lisomeke. Ukiona __cxx11 ndani yake, upande mmoja umejengwa kwa mpangilio wa std::string ulioletwa na kompaila ya GCC 5 mwaka 2015 na mwingine kwa ule wa kale.

Wa mwisho ndiye mkorofi kuliko wote: "No such file or directory" kwa programu unayoiona kwa macho ukiandika ls. Faili linalokosekana hapo ni kipakizi kilichotajwa ndani ya programu. Kiangalie hivi:

    readelf -l ./habari | grep interpreter

Utaona /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Alpine, Linux ya aina nyingine, haina faili hilo kwa kuwa inatumia musl, libc tofauti na glibc, na kipakizi chake ni /lib/ld-musl-x86_64.so.1.

## Nani hasa anadai 2.34?

Usikisie. Programu hubeba ndani yake orodha ya kila fankisheni inayoitaka kutoka nje, pamoja na lebo yake:

    objdump -T ./habari | grep GLIBC

Kwenye majibu, puts inadai GLIBC_2.2.5. Hiyo ndiyo lebo ya chini kabisa kwenye x86-64, na kila libc ya mashine hizo inayo. Kwa hiyo puts imetoka lawamani. Anayedai GLIBC_2.34 ni __libc_start_main, jina ambalo haliko popote kwenye ile mistari mitano.

Huyu huingizwa na kiunganishi, zana inayounganisha programu na maktaba wakati wa kujenga. Programu haianzii kwenye main kama tunavyofundishwa siku ya kwanza. Inaanzia kwenye kipande kidogo kiitwacho _start, kinachomwita __libc_start_main, naye ndiye anayeita main. Kila programu ya C iliyounganishwa kwa kawaida na glibc inaye.

Kwa hiyo ukijenga chochote kwenye mfumo wenye glibc 2.34 au mpya zaidi, kitaukataa mfumo wa chini ya hapo, hata kama kinaandika neno moja. Ubuntu 20.04 na Debian 11 zina 2.31. Debian 10 na AlmaLinux 8 zina 2.28, na CentOS 7 ina 2.17. Upande wa pili, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Mpaka umepita katikati ya makundi haya mawili, na ndiyo maana ujumbe wa 2.34 unaonekana mara nyingi.

Kuijua namba ya mashine yoyote:

    getconf GNU_LIBC_VERSION

## Nilidhani ni urasimu

Hapa ndipo shaka yangu ilipokuwa. Kipakizi hukagua lebo zote mwanzoni, kabla ya main, na lebo moja ikikosekana programu nzima hukataliwa, hata kama fankisheni inayoihitaji isingeitwa kamwe. Ukitazama kwa nje, unaona karani anayemrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya muhuri mmoja.

Ndiyo maana kuna wanaoihariri programu yenyewe ili kuifuta lebo, au wanaoandika agizo la .symver ili kuirudisha fankisheni kwenye toleo la kale. Kwa memcpy, fankisheni ya kunakili data kwenye kumbukumbu, ujanja huo ni halali na hufanya kazi. Kwa __libc_start_main ni hatari, na sababu yake ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Kabla ya 2.34, kila programu ilibeba ndani yake kipande kinachoitwa __libc_csu_init. Kazi yake ilikuwa kuendesha matayarisho yote yanayotakiwa kutangulia main, kama vile kuviunda vitu vya C++ vilivyo vya programu nzima (global). Programu ilimkabidhi __libc_start_main anwani ya kipande hicho, naye akakiita.

Tatizo ni kwamba kipande hichohicho kilikuwa karibu katika kila programu, na wavamizi walijifunza kukitumia kama ngazi. Mbinu hiyo inajulikana kwa jina la ret2csu. Toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, likakiondoa kwenye programu na kuihamishia kazi yake ndani ya libc. Tangu hapo programu mpya hukabidhi sifuri mahali pa ile anwani.

Sasa ichukue programu mpya, uipeleke kwenye libc ya kale kwa nguvu. Libc ya kale itaiona sifuri na kuelewa kwamba hakuna matayarisho, kisha itaruka moja kwa moja hadi main.

Haitatoa onyo lolote.

Ile programu ya mistari mitano itapita, kwa kuwa haina matayarisho. Programu ya C++ yenye jedwali la global itaanza kazi jedwali likiwa halijaundwa. Ikibahatika itaanguka papo hapo. Isipobahatika, itatoa majibu yasiyo sahihi na kuendelea.

Yule niliyemwita karani alikuwa analinda mlango.

## Ahadi inayotazama nyuma tu

Jina libc.so.6 halijabadilika tangu glibc 2.0 ya mwaka 1997. Maktaba nyingi zikibadilika sana hubadili namba iliyo mwishoni mwa jina, kama libssl.so.1.1 ilivyokuja kuwa libssl.so.3. Glibc ilichagua njia nyingine: jina libaki, na kila fankisheni iliyobadilika ipewe lebo mpya huku ile ya kale ikiachwa ndani.

Kisa cha memcpy kinaonyesha uzito wa ahadi hiyo. Mwaka 2010 memcpy ya haraka zaidi iliingia kwenye Fedora 14, nayo ilinakili kwa mpangilio tofauti. Kanuni ya C inasema memcpy isitumiwe pale chanzo na mahali pa kunakilia vinapoingiliana, lakini Flash Player ya Adobe ilikuwa inafanya hivyohivyo, na sauti yake ikaanza kukwaruza. Nani mwenye kosa? Kwa kanuni ni Adobe, lakini anayesikia mikwaruzo ni mtumiaji. Glibc 2.14 ya mwaka 2011 ikamaliza ubishi kwa lebo: memcpy@GLIBC_2.14 kwa wajenzi wapya, na memcpy@GLIBC_2.2.5 inayovumilia kuingiliana kwa programu zote za kale.

Kwa hiyo programu ya mwaka 2005 inaendelea kupata tabia ileile iliyoizoea, leo hii, kwenye libc ya leo. Huo ni uungwana mkubwa katika fani inayosahau haraka.

Ila ahadi hiyo haiwezi kutazama mbele. Libc ya mwaka 2020 haiwezi kubeba lebo iliyobuniwa 2021.

## Dawa zinazoua mgonjwa

Dawa ya kwanza mbovu ni kunakili libc.so.6 mpya juu ya ile ya kale. Usifanye. Libc na kipakizi chake ni lazima zitoke kwenye ujenzi mmoja, maana zina mapatano ya siri chini ya lebo GLIBC_PRIVATE. Ukizichanganya, ls inakufa, cp inakufa, sudo inakufa, na SSH haikuruhusu tena kuingia. Kama tayari umeshafanya, usiifunge terminali ya root iliyo wazi. Ikiwa nakala ya kale uliihifadhi, tuseme /root/kale, basi kielekeze kipakizi kitafute huko kwanza, kwa LD_LIBRARY_PATH:

    LD_LIBRARY_PATH=/root/kale cp /root/kale/libc.so.6 /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6

Bila terminali ya root iliyobaki wazi, kilichobaki ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux.

Dawa ya pili ni linki ya uongo: kutengeneza libssl.so.1.1 inayoelekeza kwenye libssl.so.3. Ujumbe wa kwanza utaondoka na wa pili utakuja, ukidai lebo OPENSSL_1_1_0 au OPENSSL_1_1_1, kwa sababu lebo ziko ndani ya faili na jina la linki haliwezi kuzibadili. Mshukuru aliyeziweka. Maktaba isiyo na lebo ingeipokea linki hiyo kimyakimya, na ungekuja kuvuna mahesabu yaliyoharibika.

Dawa ya tatu ni kuielekeza LD_LIBRARY_PATH kwenye folda yenye libc mpya. Kipakizi kinabaki kile cha kale, na utakutana na GLIBC_PRIVATE kwa mlango mwingine. Ikiwa ni dharura na huwezi kuijenga programu upya, kifungue kifurushi kizima cha libc6 kwenye folda ya pembeni kwa dpkg-deb -x, kisha uite kipakizi chake mwenyewe:

    /opt/libc/ld-linux-x86-64.so.2 --library-path /opt/libc ./habari

Njia zitategemea mahali faili zilipoangukia ulipokifungua kifurushi. Inafanya kazi kwa programu rahisi. Programu ikianzisha programu nyingine, hiyo ya pili itarudi kwenye kipakizi cha mfumo, kwa hiyo usiifanye kuwa makazi ya kudumu.

## libstdc++ ni kesi tofauti

Libstdc++ ni maktaba ya msingi ya C++ inayokuja na GCC. Ujumbe wake wa `GLIBCXX_3.4.29' not found unafanana na ule wa libc hata mtu akapeleka dawa ileile. Mara nyingi hapa mfumo hauna upungufu wowote. 3.4.29 ilikuja na GCC 11, na Ubuntu 22.04 ina hadi 3.4.30. Lakini kuna zana nyingine, mara nyingi mazingira ya Conda (kisimamizi cha vifurushi) au kifurushi cha kibiashara chini ya /opt, iliyokuja na libstdc++.so.6 yake ya kale na kuipenyeza mbele ya foleni.

Njia iliyotajwa mwanzoni mwa ujumbe inamtaja mhusika. Ukitaka kuona kipakizi kinavyotafuta, hatua kwa hatua:

    LD_DEBUG=libs ./programu 2>&1 | less

Napendelea hii kuliko ldd, zana ya kuorodhesha maktaba za programu. Inaonyesha pia maktaba zinazofunguliwa kwa dlopen katikati ya kazi, ambazo ldd haizioni. Tena ldd inaweza kuiendesha programu unayoikagua, kwa hiyo usiitumie kwenye faili usilojua limetoka wapi. Hapo tumia readelf -d, ambayo husoma tu.

Foleni yenyewe iko hivi: RPATH (orodha ya folda iliyoandikwa ndani ya programu), kisha LD_LIBRARY_PATH, kisha RUNPATH (orodha kama hiyo, ya kisasa), kisha orodha ya ldconfig, na mwisho /lib na /usr/lib. RUNPATH ikiwepo, RPATH hupuuzwa. Na RUNPATH ina tabia moja inayopoteza siku nzima za watu: inahudumia maktaba zinazotajwa na programu moja kwa moja, lakini haizihudumii maktaba za maktaba. Libpicha itapatikana, na libzipu inayoitwa na libpicha haitapatikana, ijapokuwa ziko folda moja. Dawa ni kuipa libpicha RUNPATH yake yenyewe:

    patchelf --set-rpath '$ORIGIN' libpicha.so.4

$ORIGIN ni folda lilimo faili lenyewe. Alama za nukuu moja ni za lazima, la sivyo shell itaifuta $ORIGIN kabla haijafika.

Kwa libstdc++ nakala mpya huihudumia programu ya kale bila shida. Zikiwa mbili, acha iliyo mpya ishinde. Anza kwa kujaribu env -u LD_LIBRARY_PATH ./programu, na mara nyingi kesi itaishia hapo.

## Kurudi kwa fundi

Tiba ya kweli iko kwenye mashine inayojenga: jenga kwenye mfumo wa kale kuliko yote unaokusudia kuihudumia. Hilo halikulazimishi kuwa na kompyuta ya zamani. Kontena la Docker, mfumo mdogo uliofungwa ndani ya mashine yako, linatosha:

    docker run --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi debian:11 sh -c 'apt-get update && apt-get install -y gcc libc6-dev && gcc -O2 -o habari habari.c'

Faili litakalotoka litakuwa mali ya root, ulirekebishe kwa chown. Kwa anayenunua bando, andika Dockerfile yenye gcc tayari ndani yake, uijenge mara moja, uitumie miezi. Amri ya hapo juu inapakua vifurushi vyote upya kila inapoendeshwa.

Wanaotengeneza vifurushi vya Python vyenye C ndani walikwisha kukubaliana hivi zamani. Jina manylinux2014 maana yake ni glibc 2.17, ile ya CentOS 7, na manylinux_2_28 inajieleza yenyewe. Kuna pia kompaila ya Zig, inayokubali uitajie namba moja kwa moja bila kontena:

    zig cc -target x86_64-linux-gnu.2.17 -o habari habari.c

Kwa C++ ongeza -static-libstdc++ -static-libgcc, na mzigo wa GLIBCXX unaondoka kabisa.

Halafu huja swali: kwa nini tusifunge kila kitu ndani, tukaachana na maktaba za pamoja? Nimelipima swali hili kwa pande zote mbili. Kwa chombo kidogo cha kazi moja, musl na -static ni suluhisho safi, faili moja linaloendeshwa hata ndani ya kontena tupu. Lakini glibc yenyewe haikubali kufungwa yote. Ukiita getaddrinfo, kiunganishi kitakuonya kwamba programu bado itahitaji maktaba za glibc ya toleo lilelile wakati wa kuendeshwa. Halafu kuna Heartbleed ya Aprili 2014, tundu la usalama la OpenSSL, maktaba ya usimbaji (ndimo libssl inamotoka). Aliyetumia OpenSSL ya mfumo alisasisha kifurushi kimoja, akaanzisha upya huduma zake, akapona. Aliyeifunga ndani ya programu zake ilibidi akumbuke ni programu zipi, azijenge upya zote, na kuzisambaza moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: libc ibaki ya mfumo, maktaba za usalama zibaki za mfumo, na nyinginezo mjenzi azibebe karibu na programu yake.

Mwisho wa skripti ya kujenga ninaweka mstari mmoja, kabla faili halijatoka kwenda kwa mtu yeyote:

    objdump -T ./habari | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -n 1

Ikijibu zaidi ya GLIBC_2.31, ujenzi unasimama. Na mstari huohuo unapitishwa kwenye kila .so iliyomo ndani ya kifurushi, hasa zile zinazofunguliwa kwa dlopen. Kipakizi hakizikagui hizo mwanzoni. Programu itaanza vizuri, itafanya kazi asubuhi nzima, na lebo iliyokosekana itajitokeza saa nane mchana, mtu wa kwanza atakapobonyeza kitufe cha kuchapisha.